Darasa Likae Kikao

Hotuba kwa walimu wa Uraia, Mwanza

Ndugu walimu, habari za asubuhi. Tunawashukuru mliovuka maji kutoka Ukerewe na Buchosa, na ninyi mliotoka Kwimba na Misungwi kabla jua halijachomoza. Wenyeji wa Nyamagana na Ilemela nanyi karibuni, ingawa leo mmekuja kwa miguu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuandika kwenye mtihani kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio mamlaka ya juu kijijini, akapewa alama zote, kisha jioni akamwambia mama yake kwamba michango ya shule haihojiwi kwa sababu Mtendaji ameshasema. Jibu analijua, ila hajawahi kulitumia. Igizo dhima, yaani wanafunzi kushika nafasi za viongozi na wananchi na kukaa kikao, ndilo linalomfikisha hapo, lakini likiandaliwa vibaya linampa kicheko cha dakika 40 na kumwacha alipokuwa. Tutakayoyasema asubuhi hii yanahusu maandalizi, kwa sababu mchezo huu unaharibikia kwenye maandalizi.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko yote: wanafunzi washike karatasi. Awepo mwenye ajenda, mwenye muhtasari wa kikao kilichopita, mwenye taarifa ya mapato na matumizi, na kila mmoja awe na kadi inayomweleza mipaka ya mamlaka yake. Mwanafunzi asiye na karatasi ataiga sauti ya mwenyekiti na tumbo la diwani. Aliye na karatasi yenye shilingi 4,200,000 na mahitaji ya shilingi 6,900,000 ataanza kufikiri, hata kama hakukusudia.

Tuanze na mahali pa kuweka igizo, maana hapo kuna kosa la kwanza. Vitabu vingi vinaeleza kijiji, na mwalimu aliyepo Mabatini au Igogo anaigiza kijiji na watoto ambao hawajawahi kuishi kijijini. Kwao ngazi ya chini ni mtaa, na mtaa si kijiji kilichovaa suruali ya mjini. Kijiji kilichoandikishwa, kupitia halmashauri yake, ni chombo kamili mbele ya sheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kuwa na mfuko wake, na kutunga sheria ndogo zikapitiwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna uwezo huo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, pamoja na kamati isiyozidi wajumbe sita, wapo karibu sana na wananchi, lakini sheria ndogo na bajeti viko juu, kwenye halmashauri ya jiji au ya manispaa.

Kwa hiyo shule za Nyamagana na Ilemela ziigize mtaa. Chukueni suala la taka, kwa mfano kizimba kinachofurika siku tatu kabla gari halijaja, na mvua inayoteremsha mifuko kutoka milimani mpaka Mto Mirongo na kuimwaga ziwani. Wanafunzi watataka kamati ya mtaa inunue gari. Waacheni waseme, kisha waulizeni fedha hiyo iko kifungu gani. Wakishagundua kwamba hakuna, kazi halisi ya mtaa inaonekana. Kamati itapanga siku za usafi, itahimiza kaya kulipia huduma, na itaandika hoja ya kupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani na katibu ni Mtendaji wa Kata, ili diwani aende nayo kwenye Baraza la Madiwani. Zao la kikao cha mtaa ni barua iliyoandikwa vizuri, na mwalimu atoe alama kwenye barua hiyo.

Shule za Ukerewe, Sengerema, Buchosa, Magu, Misungwi na Kwimba kwa sehemu kubwa ziko kwenye vijiji, kwa hiyo ziigize kijiji, na huko igizo lina nyama zaidi kwa sababu kijiji kina uwezo wa kuamua. Tumeandaa kijiji cha kubuni, tukakiita Mawe Matatu, chenye vitongoji vinne: Ziwani, Mlimani, Sokoni na Shuleni. Kipo kando ya ziwa na kina mwalo mdogo ambapo sangara na dagaa vinashushwa. Takwimu zake zote ni za zoezi.

Mawe Matatu ina shilingi 4,200,000 kwenye mfuko wake, na maombi ni mawili. Kitongoji cha Ziwani kinataka choo cha matundu manne mwaloni, kwa sababu wachakataji wa dagaa, wengi wao akina mama, wako pale kuanzia alfajiri na hakuna pa kujisitiri. Gharama yake ni 3,100,000. Kitongoji cha Shuleni kina boma la darasa lililosimama mwaka wa pili bila paa, na kulipaua kunahitaji 3,800,000: mbao 1,400,000, bati na misumari 2,400,000. Jumla ni 6,900,000, kwa hiyo pengo ni 2,700,000. Tumelipanga pengo hilo kwa makusudi, wala msilipunguze kwa huruma. Fedha ikitosha, kikao kinakuwa sherehe ya kugawana.

Sasa mpate kuona kadi zinavyofanya kazi. Kadi ya mwenyekiti wa kitongoji cha Ziwani inasema wananchi wake wako tayari kutoa mawe na mchanga kama nguvu za wananchi, thamani yake 600,000, kwa hiyo choo kitashuka hadi 2,500,000. Asipolisema, hakuna mwingine anayelijua. Kadi ya fundi, ambaye ni mwananchi wa kawaida kwenye mkutano, inasema mbao zikinunuliwa sasa bila bati zitakaa nje masika yote. Hii ndiyo inayozuia njia ya mkato ambayo kila darasa huikimbilia: kujenga choo kwa 2,500,000, kubaki na 1,700,000, na kununua mbao ili kila upande upate kitu. Kwenye karatasi hesabu inakubali, lakini mchwa na mvua hawasomi hesabu. Kama fundi hakusikilizwa, mwalimu asiingilie. Iacheni Mawe Matatu izinunue mbao hizo, na kwenye kikao cha pili tutaletewa taarifa ya mbao zilizopinda.

Kadi ya tatu anayo mjumbe mmoja wa kamati ya huduma za jamii. Inasema eneo lililopendekezwa kwa choo liko mita 25 kutoka kwenye maji, na kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mjumbe huyu akinyamaza, kikao kitapitisha choo kitakachotapisha uchafu kwenye maji yaleyale wanayochota. Akisema, mjadala unahama kutoka "tujenge au tusijenge" kwenda "tujenge wapi," na ghafla kitongoji cha Sokoni, kilichokuwa kinasinzia, kinaamka kwa sababu eneo linalofaa liko kwao. Swali la ardhi likifika hapo, kuna kifungu cha kuwakumbusha: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Hatujaona njia bora ya kumweleza mtoto kwa nini mkutano ule upo.

Kila kadi ina sehemu tatu, na tunaomba msipunguze hata moja: ninachokijua, ninachokitaka, nisichokuwa na mamlaka nacho. Walimu wengi huandika mbili za kwanza na kuiacha ya tatu, kumbe ya tatu ndiyo somo lenyewe. Sikilizeni kadi ya Mtendaji wa Kijiji tuliyoiandaa:

"Umeajiriwa na halmashauri ya wilaya. Hukuchaguliwa na wananchi. Wewe ni katibu wa halmashauri ya kijiji na wa Mkutano Mkuu. Unaandika muhtasari, unatunza kumbukumbu, unasoma taarifa ya mapato na matumizi, na unasimamia utekelezaji wa yaliyoazimiwa. Unataka choo kijengwe kabla ya ziara ya viongozi wa wilaya. Huna mamlaka ya kuongoza kikao, kupiga kura kwenye halmashauri ya kijiji, wala kubadilisha azimio baada ya kikao kufungwa."

Mwanafunzi akiisoma kadi hiyo mara mbili, hawezi tena kuchanganya Mtendaji na Mwenyekiti, na mkanganyiko huo ndio unaowaangusha wengi kwenye mitihani na kuwasumbua wengi zaidi maishani. Kadi ya Mwenyekiti ni kinyume chake: amechaguliwa, anaongoza kikao, hashiki fedha mkononi, na Mkutano Mkuu uliomchagua unaweza kumwondoa.

Tukiwa hapo tuseme juu ya Mkuu wa Wilaya. Karibu kila igizo la kwanza, kikao kikikwama, mwanafunzi mmoja anasimama na kutangaza kwamba anampigia Mkuu wa Wilaya aje kumtumbua mwenyekiti. Darasa linashangilia, na somo limekufa. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wanateuliwa na Rais na wanawakilisha Serikali Kuu. Halmashauri ni mamlaka nyingine, yenye baraza lililochaguliwa na mkurugenzi ambaye ni katibu wa baraza hilo. Mamlaka hizo mbili zinakutana na kufanya kazi pamoja, lakini mwenyekiti wa kijiji hakuwekwa na Mkuu wa Wilaya. Tunapendekeza msimpe mwanafunzi yeyote nafasi ya Mkuu wa Wilaya kwenye igizo la kwanza. Mwiteni kwenye igizo la tatu, na kadi yake iandikwe kwa uangalifu kuliko nyingine zote.

Tuje kwenye idadi, maana mnawaza darasa la wanafunzi 80. Linawezekana, na kwa igizo hili lina faida. Sheria inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Chukueni 25, wakiwemo mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji vinne. Mtendaji mmoja. Wanafunzi wanne wawe waangalizi wasioshiriki. Wanaobaki ni 50, nao ni wananchi: Ziwani 13, Mlimani 13, Sokoni 12, Shuleni 12. Miongoni mwao muwe na fundi, mama mchakataji wa dagaa, mvuvi, mkulima wa Mlimani asiyeshuka ziwani, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anayeuliza kama choo kitakuwa na njia ya kiti cha magurudumu, na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kwenye mwalo. Huyu wa mwisho ana jambo la kufundisha. BMU inatokana na sheria za uvuvi, ina sauti kubwa mwaloni, lakini mwenyekiti wake haingii kwenye halmashauri ya kijiji kwa cheo hicho. Akitaka kupiga kura kwenye halmashauri ya kijiji, achaguliwe kama wengine. Kwenye Mkutano Mkuu ananyoosha mkono mmoja kama mkulima wa Mlimani.

Wananchi 50 wakikaa bure wakati halmashauri inajadili, watapiga kelele, na wana haki, kwa sababu mwalimu amewapa nafasi bila kazi. Kwa hiyo, wakati halmashauri inakaa mbele, kila kitongoji kikae kona yake na karatasi moja: kiandike maswali mawili kitakayouliza kwenye Mkutano Mkuu, moja la fedha na moja la utekelezaji. Swali la fedha liwe na tarakimu ndani yake. "Fedha zimekwenda wapi" halikubaliki. "Muhtasari uliopita unasema tulikuwa na 4,500,000, leo mnasema 4,200,000, hizo 300,000 zimetumikaje" linakubalika. Mtendaji anayo kadi yenye jibu, kwamba zilitumika kukarabati pampu ya kisima, na azimio lake lipo kwenye muhtasari wa nyuma. Atakayejibu "ni matumizi ya ofisi" atahenyeshwa na wenzake, na hatutamwokoa.

Mgawanyo wa muda tunaoutumia ni wa vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kadi ziwe zimegawiwa jana yake, ili dakika 10 za kwanza ziwe za kupanga viti na kusaini daftari la mahudhurio. Halmashauri ya kijiji ikae dakika 25, Mkutano Mkuu dakika 25, na dakika 20 za mwisho ziwe za mjadala nje ya igizo, kadi zikiwa zimerudishwa mezani. Hizo 20 ndizo zinazoibwa mara nyingi, kwa sababu mkutano umenoga na mwalimu anaona aibu kuukata. Ukateni. Mwenyekiti aambiwe kuahirisha. Mwanafunzi asiyepata nafasi ya kutoka kwenye kadi yake na kusema "nilipinga kwa sababu kadi ilinitaka nipinge, lakini mimi naona hivi" anabaki amekasirikiana na mwenzake hadi kesho.

Mpangilio wa ajenda uwe uleule wa vikao vyetu: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, hoja za siku, mengineyo, kufunga. Msiubadilishe kuwa wa kisasa zaidi, mtoto atakutana nao vilevile. Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni akidi: mwenyekiti anafungua kikao bila kuhesabu wajumbe. Wekeni kanuni ya darasa kwamba bila nusu ya wajumbe kikao hakifunguliwi, kisha siku moja waondoeni wajumbe 14 kwa makusudi kabla ya kuanza, muone nani atagundua. Wa pili ni mengineyo. Kila mwenye lake atalisubiria pale, na jambo zito litapitishwa watu wakikusanya madaftari. Kanuni iwe kwamba jambo la mengineyo linaandikwa kwa mwenyekiti kabla kikao hakijafunguliwa, na lenye kuhitaji fedha linapelekwa kikao kijacho.

Tumekuja sasa kwenye muhtasari, na hapa tutakaa kidogo. Ndiyo karatasi pekee inayobaki watu wakitawanyika. Usiku wa siku hiyo mwenyekiti atasahau, wajumbe watabishana, ila karatasi itasema. Wanafunzi wakiachwa peke yao huandika hivi: "Kuhusu choo, wajumbe walichangia sana na wananchi walihimizwa kujitolea." Sentensi hiyo haina kitu. Hakuna aliyeamua wala atakayeulizwa. Ifundisheni iandikwe hivi: "Azimio namba 3. Kikao kiliazimia kitongoji cha Ziwani kilete tripu mbili za mawe na tripu moja ya mchanga eneo la Sokoni, umbali usiopungua mita 60 kutoka ziwani. Msimamizi: mwenyekiti wa kitongoji cha Ziwani. Mwisho: tarehe 15 mwezi huu." Fomu iwe na safu tano: namba, ajenda, azimio, msimamizi, mwisho wa utekelezaji. Safu ikibaki tupu, azimio halijakamilika na mwenyekiti asisaini.

Waangalizi wanne wana kazi zao pia. Mmoja anahesabu nani amesema mara ngapi, na anatenganisha wavulana na wasichana. Wa pili anaandika kila mara mtu alipovuka mamlaka yake. Wa tatu anafuatilia fedha kwenye kila pendekezo. Wa nne anaandika muhtasari wa siri, ili mwishoni ulinganishwe na wa Mtendaji. Tofauti kati ya mihtasari hiyo miwili itawashangaza wanafunzi kuliko maelezo yoyote ya mwalimu.

Kuhusu wasichana, kosa halikusudiwi lakini linatokea: mwalimu anasikia "viti maalum," anawapa wasichana viti maalum, na wavulana wanachukua uenyekiti, utendaji na ufundi. Mtoto wa kike anatoka darasani akiamini nafasi yake imewekewa uzio. Viti maalum vipo kuhakikisha wanawake hawakosekani. Nafasi nyingine zote ziko wazi kwao. Gaweni nafasi kwa kura ya karatasi ndani ya kofia. Kisha wapeni wajumbe wote visoda viwili viwili. Kila anayezungumza anaweka kisoda kimoja mezani, na viwili vikiisha anasikiliza mpaka wengine wote watumie angalau kimoja. Wasemaji wakubwa wa darasa wataona uchungu dakika ya kumi, na mtasikia sauti ambazo hamkuzisikia muhula mzima.

Yupo pia mchekeshaji, aingiaye mkutanoni akijifanya mlevi. Msimfukuze. Mwongezeeni kwenye kadi kwamba ana mtumbwi na anadaiwa ushuru, halafu mwenyekiti amuulize swali la ushuru. Mtu akishakuwa na maslahi anaacha kupepesuka.

Siasa inahitaji neno. Uchaguzi wa serikali za mitaa tumeufanya 27 Novemba 2024, na kumbukumbu zake bado ziko majumbani. Ndani ya igizo pasitajwe chama, rangi ya chama, wala jina la kiongozi aliyepo. Wagombea wa Mawe Matatu wachaguliwe kwa hoja. Vilevile msichukue mgogoro unaoendelea kwenye mtaa wa shule yenu, kwa mfano wa kuhamisha wafanyabiashara ndogondogo au fidia ya kiwanja, kwa sababu dawati moja linaweza kuwa na mtoto wa anayehamishwa na mtoto wa anayehamisha. Kijiji cha kubuni kinawalinda wote wawili. Wakumbusheni tu umri: mpiga kura awe ametimiza miaka 18, mgombea wa ngazi ya kijiji, mtaa au kitongoji miaka 21. Mtoto wa miaka 15 akihesabu vidole ataona miaka mitatu si mingi.

Walimu wa sekondari mnauliza lugha. Tunafundisha somo kwa Kiingereza na vikao vya nchi hii vinakaa kwa Kiswahili. Igizo liwe la Kiswahili tangu kufungua hadi kufunga, muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, na ndani ya zile dakika 20 za mwisho chukueni dakika tano kujaza jedwali la istilahi ubaoni kwa ajili ya mtihani. Mkilazimisha Kiingereza kwenye igizo, mtabaki na wasemaji sita na wananchi 74 mabubu.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne pandisheni ngazi, wakae Baraza la Madiwani. Huko mna Meya kama ni jiji au manispaa, Mwenyekiti kama ni halmashauri ya wilaya, madiwani wa kata na wa viti maalum, kamati za kudumu, na Mkurugenzi na wakuu wa idara wanaojibu maswali. Zoezi letu ni asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ya zoezi imekusanya milioni 900, hivyo milioni 90 zinagawanywa 36, 36 na 18. Vikundi vitatu vinaomba: akina mama wanaotaka vichanja vya kuanikia dagaa, vijana wa bodaboda, na kikundi cha mafundi viatu wenye ulemavu. Kila kimoja kimekosea kitu kwenye maombi yake, na madiwani wanatakiwa wakione. Historia ipitieni haraka: mamlaka hizi zilivunjwa mwaka 1972, sheria zilizozirudisha zikatungwa mwaka 1982, na Katiba inazitaja kwenye ibara ya 145 na 146. Mwacheni mwanafunzi aulize kwa nini zilivunjwa na kwa nini zikarudi, na mpeni muda wa kujadili.

Alama tunazotoa ni 20: muhtasari 8, kila mmoja kukaa ndani ya mamlaka yake 6, hesabu 4, ushiriki 2. Ushiriki ni mdogo kwa makusudi, la sivyo mnawapa zawadi wenye sauti.

Na kikao cha pili kisikosekane. Wiki tatu baadaye, dakika 40 zinatosha, na ajenda kuu ni yatokanayo. Mwalimu anakuja na taarifa fupi: Ziwani wameleta tripu moja ya mawe badala ya mbili, mchanga haujafika, wazazi wa Shuleni wamechanga 450,000 bila stakabadhi, na kama mbao zilinunuliwa, hali yake ni hii. Msimamizi aliyeandikwa kwenye safu ya nne anasimama kujieleza. Kama jina lake halikuandikwa, hatasimama mtu, na darasa litakaa kimya kwa muda mrefu. Msiuvunje ukimya huo mapema. Baada ya hapo ndipo mumwalike Mtendaji au mwenyekiti halisi wa eneo lenu aje kujibu maswali. Akija mapema, watoto watamuuliza anapenda chakula gani. Akija baada ya kikao cha pili, watamuuliza taarifa ya mapato inasomwa lini na wapi, na kwa kijiji jibu ni Mkutano Mkuu, angalau kila miezi mitatu. Mwandikieni barua wiki mbili kabla, kupitia kwa mkuu wa shule, mkiambatanisha maswali.

Kadi za Mawe Matatu ziko meza ya mbele pamoja na fomu za muhtasari na daftari la mahudhurio. Tutazijaribu sisi wenyewe kabla ya chai. Walimu wa Ukerewe mkae upande wa Mlimani, ambao hawashuki ziwani, na wa Kwimba muwe Ziwani. Visoda viko kwenye kopo pale dirishani, viwili kila mtu.